Misimbo ya magonjwa kwa jicho linalotoa uchafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoweka misimbo ya magonjwa kwenye faili na madai ya bima, na wa wauguzi na matabibu ambao maandishi yao ndiyo yanayosomwa kabla msimbo haujachaguliwa. Ni wa mgonjwa pia, yule aliyeona herufi na namba kwenye karatasi yake akataka kujua zinasema nini.

Misimbo yote hapa ni ya ICD-10, toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, isipokuwa pale tulipotaja toleo jingine. Toleo la msingi la Shirika la Afya Duniani, kwa magonjwa ya macho, huishia kwenye nafasi ya nne na halisemi ni jicho la upande gani. Ukiona msimbo mrefu zaidi ya hapo, huo ni wa ICD-10-CM, toleo lililopanuliwa la Marekani, ambalo lilianza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015. Misimbo mingi inayozua maswali ni ya toleo hilo.

Msimbo wa jicho linalotoa uchafu ni upi?

Kama mgonjwa ameonwa, jicho linatoa uchafu, na daktari hajafikia jina la ugonjwa wowote, msimbo unaotumika sana ni H57.89, yaani matatizo mengine yaliyotajwa ya jicho na viungo vyake. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani ni H57.8.

Wanaotafuta msimbo wenye jina la uchafu wa jicho hasa hawaupati, na wengi hudhani wamekosea kutafuta. Hawajakosea. Toleo la zamani la Marekani, ICD-9-CM, lilikuwa na msimbo wa peke yake kwa jicho jekundu au linalotoa uchafu: 379.93. Kwenye ICD-10-CM msimbo huo haukupata mrithi wa moja kwa moja, na dalili hizo zikaingizwa kwenye kapu la "mengineyo".

Angalizo moja kwa wanaotumia orodha za zamani zilizobandikwa ukutani: H57.8 peke yake ilikubalika Marekani hadi tarehe 30 Septemba 2018. Kuanzia siku iliyofuata iligawanywa, nyusi zilizolegea zikapewa H57.81- na yaliyobaki yakapewa H57.89. Ukiandika H57.8 kwenye dai la leo huko, mfumo utasema msimbo haujakamilika. (Kistari mwishoni mwa msimbo, hapa na kwingineko kwenye ukurasa huu, maana yake bado kuna tarakimu ya kuongeza.)

Kwa hiyo kila mwenye tongotongo nimwandikie H57.89?

Hapana, na hili ndilo jambo tunalolisisitiza kuliko yote katika ukurasa huu. Uchafu wa jicho ni dalili. Dalili huandikiwa msimbo pale tu ambapo hakuna ugonjwa uliothibitishwa unaoieleza. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ana konjaktivitisi, ule uvimbe wa utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho, basi usaha, machozi na wekundu vimo ndani ya jina hilo tayari. Andika msimbo wa konjaktivitisi peke yake. Ukiongeza H57.89 pembeni unarudia jambo lile lile mara mbili, na mkaguzi wa madai ataliona.

Kinyume chake pia ni kosa, na madhara yake ni makubwa zaidi. Ukimwandikia mgonjwa H57.89 wakati faili lina jina la ugonjwa, ugonjwa huo umepotea kwenye takwimu. Konjaktivitisi ya kuambukiza ikienea shuleni au kambini, wanaofuatilia mlipuko hutazama misimbo. Wakikuta rundo la "mengineyo", hakuna kitakachowaonyesha kwamba kuna jambo linaendelea.

Daktari ameandika "konjaktivitisi?" na alama ya kuuliza. Niandike nini?

Inategemea mgonjwa ameonwa wapi. Kwa mgonjwa wa nje, mwongozo wa Marekani uko wazi: kilichoandikwa "huenda", "inashukiwa", "kuchunguza kama" au kuwekewa alama ya kuuliza hakipewi msimbo kana kwamba kimethibitika. Unashuka hadi kwenye jambo la hakika, ambalo hapa ni dalili: H57.89 kwa uchafu, na H57.1- kama kuna maumivu ya jicho. Kwa mgonjwa aliyelazwa, mwongozo huo huo unaruhusu ugonjwa ambao bado unashukiwa siku ya kuruhusiwa kuandikwa kama uliopo.

Sasa tazama sentensi hii, maana ndipo wengi huteleza: "Konjaktivitisi ya ghafla, macho yote mawili, huenda ni ya virusi." Shaka iko kwenye chanzo tu. Konjaktivitisi yenyewe imethibitishwa, na kwamba ni ya ghafla imethibitishwa. Kwa hiyo usirudi kwenye H57.89, wala usiruke hadi B30.9 ya virusi. Jibu ni H10.33, konjaktivitisi ya ghafla isiyobainishwa, macho yote mawili. Kabla ya kutupa sentensi nzima kwa sababu ya neno "huenda", angalia neno hilo limeshika kipande gani.

H10 ina misimbo mingi. Nichague vipi?

Anza na kilichoandikwa kuhusu aina ya uchafu na muda, kwa sababu kundi la H10 limepangwa kwa mambo hayo mawili.

Uchafu mzito wa usaha na kamasi, kope zimegandana asubuhi, na daktari ametaja konjaktivitisi ya usaha: hiyo ni H10.02-, ambapo H10.021 ni jicho la kulia, H10.022 la kushoto na H10.023 yote mawili. Kwenye toleo la Shirika la Afya Duniani ni H10.0. Mzio wa ghafla, macho yanawasha na kutoa majimaji au nyuzi nyembamba za kamasi: H10.1-, yaani H10.11 kulia, H10.12 kushoto, H10.13 yote. Kemikali au dawa ikiwa ndiyo iliyochokoza jicho, kuna H10.21-. Konjaktivitisi ya ghafla isiyoelezwa zaidi ya hapo ni H10.3-. Iliyodumu muda mrefu huingia H10.4-, na humo mna H10.44 kwa ule mzio mkali wa msimu unaowasumbua zaidi watoto na vijana, na H10.45 kwa mizio mingine ya muda mrefu. Kope na utando vikiwa vimevimba pamoja, nenda H10.5-. Na kama faili limeandikwa konjaktivitisi tu, bila neno la ziada, H10.9.

Daktari akiandika "konjaktivitisi ya bakteria" bila kutaja usaha, usijaze wewe. Rangi na uzito wa uchafu havitoki kichwani mwa mweka misimbo. Muulize aliyemwona mgonjwa. Maabara ikishataja kijidudu na daktari akakubali kwamba ndicho chanzo, kuna misimbo ya ziada ya vijidudu kwenye B95 hadi B97, inayowekwa baada ya msimbo wa ugonjwa. B95.62, kwa mfano, ni ile bakteria sugu ya stafilokoka isiyosikia dawa ya methisilini.

Konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ikiwa imeguswa pamoja na utando, usibaki H10. Toleo la Marekani linakupeleka H16.2-.

Konjaktivitisi ya virusi huwekwa wapi?

Hutoka sura ya macho na kwenda sura ya maambukizi, kundi B30. Adenovirusi iliyoshika konea na utando ni B30.0, adenovirusi kwenye utando pekee ni B30.1, ile inayokuja na homa na koo kuuma ni B30.2, na isiyobainishwa ni B30.9.

B30.3 ina historia yake. Ni konjaktivitisi ya mlipuko inayovujisha damu chini ya utando, inayosababishwa na enterovirusi 70 au koksakivirusi A24. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ambao chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini, na watu wakauita ugonjwa wa Apollo. Jicho hujaa wekundu wa kutisha, lakini kwa kawaida hupona lenyewe. Damu ikionekana chini ya utando bila maambukizi yoyote, huo si B30.3. Hiyo ni H11.3-.

Misimbo ya B30 haina tarakimu ya upande hata kwenye toleo la Marekani. Usihangaike kuitafuta, upande utabaki kwenye maelezo ya daktari.

Mtoto mchanga anatoka usaha machoni. Je, ni H10?

Tafadhali tulia hapa. Jicho la mtoto mchanga lina misimbo yake, na sababu yake ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya kiofisi.

Konjaktivitisi ya mtoto ndani ya siku 28 za kwanza ni P39.1, ambayo inabeba pia uvimbe wa kifuko cha machozi wa umri huo, na inabeba hata konjaktivitisi ya mtoto mchanga inayoletwa na klamidia, bakteria wa magonjwa ya zinaa. Kisonono kikithibitishwa, msimbo ni A54.31 na si P39.1, na viwili hivyo haviwekwi pamoja. Kwenye toleo la Shirika la Afya Duniani kisonono cha jicho ni A54.3.

Kutenganisha huku kuna uzito. Kisonono cha jicho huonekana mara nyingi kati ya siku ya pili na ya tano tangu kuzaliwa. Kope huvimba, usaha hububujika, na kijidudu hicho kinaweza kutoboa konea kwa muda mfupi sana. Klamidia huja polepole zaidi, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na inaweza kufuatiwa na nimonia. Matibabu ni tofauti, na mama pamoja na mwenzi wake wanahitaji kutibiwa pia. Ugonjwa huu uliwahi kuwa chanzo kikubwa cha upofu wa utotoni Ulaya, hadi Carl Credé wa Leipzig alipoanza kuwadondoshea watoto nitrati ya fedha machoni mara baada ya kuzaliwa, mwaka 1880. Mtoto mwenye kisonono akiandikwa H10.9, anayefuatilia maambukizi ya uzazini hatamwona kabisa.

Kuna upande wa pili, ule wa kheri. Watoto wengi wenye jicho la majimaji na tongotongo zinazorudi kila siku, jicho lenyewe likiwa jeupe, hawana maambukizi. Mfereji wa kupeleka machozi puani haujafunguka mwisho wake. Huo ni H04.53-: H04.531 kulia, H04.532 kushoto, H04.533 pande zote. Wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Daktari akisema ni kasoro ya kuzaliwa nayo, mfereji umeumbwa mwembamba au umeziba, msimbo unakuwa Q10.5, nao hauwekwi pamoja na H04.53-. Mweka misimbo hapaswi kukisia kati ya viwili hivi kwa kutazama umri wa mtoto. Jina aliloandika daktari ndilo linaloamua.

Macho yanatiririka machozi tu, hakuna usaha. Bado ni H57.89?

Hapana, machozi yana kundi lake, H04.2-, na hapa toleo la Marekani linauliza swali zuri: machozi ni mengi kwa sababu yanatengenezwa mengi, au kwa sababu hayana pa kutokea? Yanayotengenezwa kupita kiasi ni H04.21-. Yasiyopita vizuri kwenda puani ni H04.22-. Kama hakuna aliyesema, H04.20-. Tarakimu ya mwisho ni upande, mfano H04.222 kwa jicho la kushoto ambalo machozi yake hayapati njia.

Chanzo kikijulikana, andika chanzo. Tundu la machozi lililosinyaa ni H04.56-, mfereji uliobana ukubwani ni H04.55-, kope ya chini iliyogeukia nje ni H02.1-. Jicho kavu nalo hutoa machozi mengi, jambo linalowashangaza wagonjwa kila siku: uso wa jicho ukikauka huchokozeka, na tezi hujibu kwa kumwaga machozi ya maji matupu yasiyolainisha. Daktari akiandika jicho kavu, msimbo ni H04.12-, hata kama mgonjwa alifika akilalamikia machozi.

Uvimbe kwenye kona ya ndani ya jicho, ukibonyeza unatoka usaha. Huo je?

Mara nyingi ni kifuko cha machozi kilichoambukizwa. Wa ghafla ni H04.32-, wa muda mrefu ni H04.41-, usioelezwa muda ni H04.30-. Vile vijifereji vidogo vinavyoanzia kwenye kope vikivimba, ni H04.33- kwa wa ghafla na H04.42- kwa wa muda mrefu.

Uvimbe ukisambaa hadi ngozi inayozunguka jicho, toleo la Marekani lina L03.213. Ukiingia ndani ya tundu la jicho lenyewe, ni H05.01-. Tofauti ya misimbo hiyo miwili ni tofauti ya mgonjwa anayeweza kurudi nyumbani na dawa na mgonjwa anayehitaji kulazwa haraka. Kama maandishi hayaonyeshi ni ipi, simu kwa daktari ni lazima.

Upande wa jicho una umuhimu gani? Si jicho ni jicho?

Kwa bima, dai lisilo na upande ni rahisi kurudishwa. Kwa mgonjwa ni zaidi ya hapo, kwa sababu msimbo huo huo unaweza kumfuata hadi chumba cha upasuaji.

Katika misimbo mingi ya macho ya ICD-10-CM, 1 ni kulia, 2 ni kushoto, 3 ni yote mawili, na 9 ni upande usiotajwa. Baadhi ya misimbo mifupi hutumia 0 mahali pa 9, kama H10.30. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwa anayemtazama. Kwenye maandishi ya kliniki za macho utakutana na vifupisho vya Kilatini: OD kwa kulia, OS kwa kushoto, OU kwa yote mawili.

Kama daktari hakuandika upande lakini muuguzi aliandika, mwongozo wa Marekani unaruhusu kutumia maandishi ya muuguzi. Wakipingana, aulizwe daktari anayemhudumia mgonjwa. Tarakimu ya "haukutajwa" iachwe kwa pale ambapo kweli hakuna pa kuupata, na kwenye jicho mahali hapo ni nadra mno. Mtu aliyeketi mbele yako na jicho linalotoa usaha, upande wake unaonekana.

Chokea na matatizo mengine ya kope?

Chokea ya nje ni H00.01- na ya ndani ni H00.02-. Hapa tarakimu za mwisho zinabadilika maana, kwa kuwa kila jicho lina kope mbili: 1 ni ya juu kulia, 2 ya chini kulia, 4 ya juu kushoto, 5 ya chini kushoto. Kwa hiyo H00.014 ni chokea ya nje kwenye kope ya juu ya kushoto. Hakuna tarakimu ya macho yote mawili, hivyo mgonjwa mwenye chokea pande zote hupewa misimbo miwili. Uvimbe mgumu usiouma wa tezi ya kope ni H00.1-, kwa utaratibu huo huo. Kingo za kope zilizovimba na kutoa magamba ni H01.0-.

Ugonjwa wa vikope una msimbo gani?

Trakoma ni A71: A71.0 kwa hatua ya mwanzo, A71.1 kwa ugonjwa ulio hai, A71.9 usiobainishwa. Ni klamidia hiyo hiyo, lakini ya aina inayokaa machoni na kupita kwa mikono, nguo na inzi kati ya watoto, nao ndio unaoongoza duniani kwa upofu unaotokana na maambukizi.

Mgonjwa mzima ambaye maambukizi yaliisha zamani na sasa nywele za kope zinakwaruza konea hapewi A71. Kwanza andika tatizo la sasa, kwa mfano H02.05- kwa nywele zilizoelekea ndani bila kope yenyewe kujikunja, au H02.01- kwa kope iliyojikunja kwa kovu. Kisha weka B94.0, ambayo husema hayo ni mabaki ya trakoma. Mpangilio huo ukigeuzwa, ugonjwa uliokwisha utahesabiwa kama maambukizi mapya.

Kitu kimeingia jichoni, au jicho limekwaruzwa, na sasa linatoa uchafu.

Tumia sura ya majeraha. Kitu kilichonasa kwenye konea ni T15.0-, chini ya kope ni T15.1-, mkwaruzo usio na kitu ndani ni S05.0-. Misimbo hii inahitaji nafasi saba, hivyo X huwekwa kuziba pengo. S05.01XA ni mkwaruzo wa jicho la kulia ambalo bado liko kwenye matibabu yenyewe. A ya mwishoni haina maana ya ziara ya kwanza, kama wengi wanavyofundishana. Mgonjwa akionwa na daktari wa pili na bado anatibiwa jeraha lenyewe, ni A tena. D ni ya kufuatilia uponaji, S ni ya madhara yaliyobaki.

Mgonjwa akihisi kitu jichoni lakini hakuna kilichoonekana, tangu Oktoba 2023 kuna msimbo wa hisia hiyo, H57.8A-.

Mgonjwa anavaa lenzi, jicho linauma na linatoa uchafu.

Soma maelezo ya daktari kwa makini, utafute neno kidonda. Kidonda cha konea ni H16.0-, na ndani yake kuna misimbo ya kidonda cha katikati (H16.01-), chenye usaha ndani ya chumba cha mbele cha jicho (H16.03-) na kilichotoboka (H16.07-). Tatizo la konea lililoletwa na lenzi bila kidonda lina H18.82-. Kwa mvaaji wa lenzi, konjaktivitisi isiwe jibu la haraka, si kwa daktari wala kwa mweka misimbo.

Je, uchafu baada ya upasuaji wa jicho ni tatizo la upasuaji?

Ni tatizo la upasuaji pale tu daktari anapouhusisha kwa maandishi. Kufuatana kwa tarehe hakutoshi. Maambukizi ya usaha ndani ya jicho lenyewe ni H44.0-, nayo ni dharura.

Mgonjwa ana jicho la bandia na tundu lake linatoa uchafu.

Hawa husahaulika. Utando unaofunika tundu bado upo na huweza kuvimba, kwa hiyo konjaktivitisi inaweza kuandikwa ikitajwa na daktari. Ongeza Z97.0 kuonyesha kuna jicho la bandia, au Z90.01 kama jicho liliondolewa. Bila msimbo huo wa ziada, anayesoma faili ataagiza kipimo cha kuona cha jicho ambalo halipo.

Kwenye kitabu kuna alama za Excludes1 na Excludes2. Zina tofauti gani?

Excludes1 inakataza: misimbo miwili isiwekwe pamoja kwa hali moja, kama P39.1 na A54.31. Excludes2 inasema tu kwamba hali ile nyingine haimo humu. Mgonjwa akiwa nazo zote mbili, ziandike zote. Ukichanganya hizi mbili, utaacha ugonjwa halali nje ya faili.

Mimi ni mgonjwa. Nimeona H57.89 kwenye karatasi yangu. Nina ugonjwa gani?

Msimbo huo hausemi una ugonjwa gani. Unasema kwamba jicho lako lilikuwa na tatizo lililoonekana, na siku hiyo halikupewa jina mahususi. Si dalili ya kufichwa jambo. Uliza moja kwa moja: "Daktari, umeona nini, na nirudi lini kama haliponi?"

Usisubiri kurudi kama jicho linauma sana, uwezo wa kuona umepungua, mwanga unakuumiza, unavaa lenzi, au mgonjwa ni mtoto mchanga. Na usichague dawa ya jicho kwa kusoma msimbo. Matone yenye steroidi yanaweza kuharibu konea iliyoshikwa na virusi vya malengelenge.

Dai limerudishwa kwa sababu ya msimbo. Nianzie wapi?

Anza na urefu, maana msimbo uliokatika kabla ya nafasi yake ya mwisho haupiti. Kisha tazama upande, kisha kama umeweka dalili pembeni ya ugonjwa unaoieleza. Angalia pia tarehe ya huduma: ICD-10-CM hubadilishwa kila tarehe 1 Oktoba, na siku hizi mabadiliko mengine huja tarehe 1 Aprili. Msimbo unaohesabika ni ule uliokuwa halali siku mgonjwa alipohudumiwa, hata kama dai linatumwa baadaye.

Usibadilishe msimbo ili tu dai lilipwe. Kama maandishi hayaungi mkono msimbo mwingine, daktari aombwe kufafanua kwa nyongeza yenye tarehe na saini, naye aulizwe bila kupewa jibu mdomoni. "Uchafu ulikuwa wa aina gani, na chanzo ni nini?" ni swali halali. "Unaweza kuandika konjaktivitisi ya usaha?" si halali.

ICD-11 itabadilisha nini?

Ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa kila nchi inahamia kwa wakati wake. Magonjwa ya macho yako sura ya 9, na trakoma ni 1C23. Badiliko kubwa kwa kazi yetu ni upande: haubanwi tena ndani ya msimbo, unaongezwa kama kipande cha nyuma, XK9K kwa kulia, XK8G kwa kushoto, XK9J kwa pande zote. Hivyo hata magonjwa ya kuambukiza yaliyokuwa hayana upande yanaweza kupewa, ilimradi aliyemwona mgonjwa ameuandika.